Injini Yangu Ndiyo Itakayombeba Bibi Harusi

Ujumbe huu umetufikia kutoka Gitega. Mwenyewe ameomba tumsitiri, na jina lililomo ndani si la kweli. Msomeni hadi mwisho kabla ya kumrushia maneno.

Salaam wana ukurasa. Mimi ni mwanaume wa miaka 39, fundi magari, nina mke na watoto wawili, tunakaa Magarama. Gereji yangu ni uani kwa mama, Nyamugari, anakoishi na mdogo wangu wa kike. Nilikulia Kigoma, ndiyo maana wenzangu wa hapa wanacheka Kiswahili changu. Leo sina hamu ya kucheka, roho inaniuma jamani.

Nina rafiki, nimuite Sefu. Huyu tumekula sahani moja. Alikuwa na pickup ya zamani ya esansi, yaani petroli, anabeba maharage kutoka Mwakiro, kule Muyinga, anayaleta soko la Gitega. Esansi ikawa shida, anapanga foleni siku tatu, na ikipatikana lile gari linainywa kama lina kiu ya mwaka mzima. Akaja kwangu analia. Mimi nilikuwa na injini ya mazutu, yaani dizeli, ya basi dogo la marehemu baba. Bodi ya basi ilikwisha kwa kutu, lakini injini niliifungua yote, nikaifufua kwa mikono yangu. Ndiyo urithi wangu, sina kingine.

Tukapatana sebuleni kwa mama: injini yangu, bodi yake, kazi yetu wote. Siku tukiachana, natoa injini yangu naondoka nayo. Mama akatuletea kahawa, akakaa. Nikasema tuandike. Sefu akasema, "We, tukishasoma Fatiha, karatasi iko ya nini tena?" Nikaona haya. Tukainua mikono, tukasoma Fatiha, mama naye akaitikia amin. Huo ndio ujinga wangu, na najua wengi wenu mngefanya hivyo hivyo.

Nilifanya kazi wiki tatu. Injini ya mazutu ni nzito, haikai pale ilipokaa ya esansi. Nilikata vishikio vya zamani nikachomelea vipya, nikafunga na giaboksi yake, shafti nikaifupisha, tangi nikaliosha mara nne, nikavuta waya za kuipasha injini moto asubuhi. Ilipowaka mara ya kwanza, Sefu alinikumbatia na grisi yangu yote.

Miezi ya mwanzo alikuwa mtu, analeta fungu langu la mapato. Halafu akahamia Muyinga, simu ikawa haishiki. Nikapanda basi nikamfuata mpaka Mwakiro, nikamkuta anapakia magunia. Nikamwambia, "Sefu, nimekuja kwa ajili ya injini yangu." Hata hakushtuka.

"Beau-frère, moteri gani? Moteri iko ndani ya gari, gari iko yangu, karte roze, kadi ya gari, iko na jina yangu. Na shemeji kwa shemeji hawadaiane."

"Shemeji yako tangu lini?"

"Eh! Mama hakukuambia? Barua ya posa nilituma zamani. Wameisha kubali."

Wallahi barua hiyo sikuijua. Baba yetu alishafariki na mimi ndiye kaka pekee, kwa hiyo walii wa mdogo wangu, wa kumwozesha, ni mimi. Barua ile ilitakiwa ifike mkononi mwangu. Kila mchana nakula pale kwa mama, na hakuna aliyefungua mdomo!

Nikarudi nikapeleka shauri kwa wazee bashingantahe wa mtaa. Wakaniuliza nina shahidi? Nikasema ninaye, mama yangu mzazi. Nilisema kwa kujidai kabisa. Mama akasimama, akaangalia chini, akasema, "Mi sikusikia kitu. Nilikuwa ku jiko." Sefu akakohoa. Wazee wakasema hawawezi kutoa injini kwenye gari la mtu bila karatasi wala shahidi. Nikatoka pale nimefedheheka, mtu mzima mwenye ndevu.

Nyumbani nikamuuliza, "Mama, kweli hukusikia?" Akanijibu bila hata kupepesa.

"Nilisikia yote. Lakini we uko mwanaume, moteri utapata ingine. Dada yako iko na myaka makumi tatu na moja. Bwana mwingine atatoka wapi?"

Sefu kunigeuka nimeumia, sikatai. Lakini mama! Ameitikia amin kwa mdomo ule ule!

Sasa sikieni dharau hii. Nikaha ni Ijumaa. Leo asubuhi Sefu ametuma dereva na lile gari uani kwangu nilitengeneze, eti linatoa moshi mweusi likipanda mlima. Ndilo litakalompeleka bibi harusi Muyinga. Ameniandikia: "Beau-frère, tengeneza vizuri, hiyo ni ya dada yako sasa."

Nimefungua boneti. Nimeshapitisha mnyororo wa kuinulia chini ya injini yangu, bolti nyingi ziko mfukoni. Mdogo wangu ameniletea chai, ameuona mnyororo, akakaa chini kwenye tairi. Nikamweleza yote. Akasema, "Kaka, habari ya mapatano sikuijua, naapa. Lakini nampenda. Usiponiozesha wewe, nitaozeshwa na nani?" Chai imepoa, bado amekaa pale analia, na mama amejifungia ndani.

Nikiitoa injini, ndoa imekufa na dada yangu atazeeka ananilaani. Nikiirudishia bolti, basi Ijumaa nitashika mkono wa mwizi wangu mbele ya watu niseme nimekuozesha, na mama atakuwa ameshinda. Wenye akili iliyotulia niambieni kabla jua halijazama, niuvute huu mnyororo au niuachie?