Mwiba wa Ngege

Nikiwa mtoto wa miaka tisa hivi, kwetu Kisian, nilimwonea wivu mdogo wangu Akinyi mpaka nikakosa usingizi. Baba alitoka kazini Kisumu na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu, akampa yeye. Mimi kifungua mimba, mchota maji wa nyumba nzima, sikupewa hata kamba ya kumfungia!

Mbwa huyo, Simba, alimfuata Akinyi mpaka mlango wa choo. Nikimwita mimi, ananitazama tu, anaenda zake. Basi nikaamua kumhonga. Dani, nyanya yetu, alikataza mbwa kupewa mifupa ya samaki, lakini asubuhi moja niliiba kichwa kizima cha ngege, nikamlisha nyuma ya ghala. Alikula huku akinitikisia mkia. Jamani, nilijiona malkia.

Kufika mchana Simba alikuwa anatoka udenda, anakohoa, anajikwaruza mdomo. Maji hayapiti. Dani akashika kiuno.

"Huyu ameangaliwa. Nani amepita hapa mbwa akila?"

"Mama Perpetua," Akinyi akasema, analia.

Mama Perpetua alikuwa mjane, jirani yetu, na watu walisema ana jicho: akitazama anayekula, chakula kinamfunga. Dawa ni yeye mwenyewe aje ateme mate mdomoni mwa mgonjwa. Akaitwa. Nilijua vizuri kilichokuwa kooni mwa Simba, nikanyamaza. Nisifiche: sehemu ya roho yangu ilitaka afe, tukose wote.

Mjane alikuja bila kubishana. Akampanua Simba mdomo, akachungulia, akaingiza vidole viwili, akatoa mwiba mrefu kama sindano ya magunia.

"Ni mwiba tu, mama," akamwambia Dani. "Nani alimpa samaki?"

Simba alikimbilia maji.

"Mmeona?" Dani alisema mjane alipoondoka. "Kama si yeye aliyefunga, angefungua upesi hivyo?"

Tangu siku hiyo hata waliokuwa na shaka waliamini.

Sasa nafuga paka wawili, na mmoja akikohoa, kwanza namchungulia koo. Ningesema "ni mimi", Dani angenichapa, yakaisha. Lakini Akinyi angebaki na mbwa wake, tena na kila mtu akimhurumia, na hilo sikuweza kulivumilia. Mama Perpetua aliishi miaka minane zaidi jirani nasi. Sikuwahi kumwona mtu akila nyumbani kwake, na mimi pia sikula.