Bi Makombe Aomba Uhamisho

Barua ya kwanza ya kuomba uhamisho aliiandika akiwa na mimba ya mtoto wa pili. Ya sita aliiandika mtoto huyo alipoanza kunyoa ndevu. Zote zilirudi na maneno yale yale mawili, kwa mwandiko wa kulala wa Mkuu wa idara: "Hana mbadala."

Kazini walimwita Bi Makombe. Jina lilimganda hasa, hata kadi ya rambirambi alipofiwa na mama yake iliandikwa hivyo hivyo. Alifika pale makumbusho kwa miezi mitatu tu, kuchapa vibandiko vya droo. Mwezi wa pili Mkuu alikuta kibandiko kimoja kimeandikwa kwa penseli pembeni: "Hili si la hapa." Akalitoa drooni kombe lenyewe, gamba la kale lililogeuka jiwe, akaligeuza, akaenda nalo dirishani kwake, akarudi amekunja uso. Kweli halikuwa la pale. Tangu siku hiyo mashine ya kuchapa akapewa mtu mwingine, na yeye akapewa makombe.

Miaka ishirini na miwili ikapita.

Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya jumba, hakina dirisha. Kabati za chuma kumi na nne, droo mia tatu na ushee, meza moja, taa ya kujikunja shingo, na feni iliyopiga kelele kuliko upepo. Ndani ya droo walilala wanyama wa ukoo wa pweza na ngisi, walioisha duniani zamani hizo, wakabakiza makombe yaliyogeuka mawe. Mengine madogo kama kifungo cha shati, mengine hayabebeki na mtu mmoja. Yote yamejisokota kama pembe ya kondoo dume.

Kuyatambua ndiyo ilikuwa kazi yake. Alianza na kitovu, yaani shimo la katikati mizunguko inakoanzia: kipana au chembamba? Halafu mbavu zilizopita juu ya kombe: zimenyooka, zimepinda, zinagawanyika mara mbili au tatu kabla ya kufika mgongoni? Mgongo wenyewe una ukingo au uko mviringo? Mwisho mshono, ule mstari uliopindapinda pale kila ukuta wa ndani unapokutana na kombe la nje; huo hauongopi. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimelainika kwa kupapasa mbavu za mawe. Wataalamu waliotoka mbali walikuwa wakibishana wee, mwisho mmoja anasema, "Basi muulizeni huyo mama." Naye akipapasa, akitaja, wanaandika.

Mlango ulifungwa kwa nje. Ndiyo kanuni ya vitu adimu. Mlinzi, mzee mwenye mdomo usiotulia, alifungua asubuhi, akafungua mchana wa chakula, akafungua jioni. Bi Makombe akitaka kwenda msalani katikati, alipaswa kugonga.

"Vipi mfungwa wangu," mlinzi alikuwa akimwambia kila asubuhi, "rufaa imefika wapi?"

"Hakimu hajaamka."

Wakacheka, ufunguo ukazunguka, naye akabaki na feni yake.

Mumewe alikuwa fundi mitambo wa bwawa la umeme, safari ya saa nane kwa basi. Miaka kumi na tisa walikuwa mke na mume wa mwisho wa mwezi. Watu walimshauri mume ndiye ahame. "Nitahama," alijibu, "mkinisaidia kubeba bwawa." Watoto walikua upande wa mama, wakamzoea baba yao kama mgeni mwema anayeleta samaki. Kisha nao wakaenda zao, na nyumba ikabaki na kikombe kimoja kwenye sinki.

Mwaka ule Mkuu, aliyebakiza mwaka na nusu kustaafu, alishuka mwenyewe hadi chini. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Magoti yalikuwa yanamsumbua.

"Bi Makombe," alisema, akikaa bila kukaribishwa, "tumalize orodha kuu. Spishi zote arobaini na moja, na picha zake. Wewe utie saini kwamba kila droo imehakikiwa. Ikienda kwa mchapaji, barua yako naipitisha siku hiyo hiyo."

"Mkuu, usinitanie."

"Nina umri wa kutania mimi?"

Alifanya kazi kama mwenye homa. Alipofika spishi ya thelathini, bomba la ghorofa ya juu likapasuka, maji yakachuruzika ukutani nyuma ya kabati ya sita. Akazibeba droo moja moja, roho mkononi. Droo ya saba ilimponyoka pembe moja. Kombe moja kubwa, la spishi ya kumi na saba, likaanguka sakafuni, na mzunguko wake wa nje ukaachana na wa ndani kama ganda la yai.

Akapiga magoti kuokota. Kilichobaki mkononi, ule moyo wa ndani, alikuwa anakijua. Alikijua kabla hajakiweka chini ya taa. Mbavu ishirini na mbili katika mzunguko wa nne, zinagawanyika mara mbili pale pale, mshono ule ule. Ilikuwa spishi ya kumi na nane, ile ndogo, ambayo tofauti yake na ya kumi na saba ni udogo wake na vijisikio viwili vinavyochomoza mdomoni.

Akakaa pale chini kwenye maji.

Siku kumi zilizofuata alikata makombe makubwa mengine manane kwa msumeno wa mawe, yale yaliyokuwa mengi na yasiyo na thamani ya pekee. Yote manane yalikuwa vile vile: mizunguko yao ya ndani, iliyoota utotoni, haitofautiani kabisa na ya yale madogo. Tena madogo na makubwa yalichimbwa siku zote pamoja, tabaka moja. Hazikuwa spishi mbili. Walikuwa jike na dume, jike likiendelea kukua, dume likikoma mapema na kuota masikio. Na kama hawa walikuwa hivyo, kulikuwa na jozi nyingine saba au nane ndani ya ile orodha zilizonuka hivyo hivyo.

Akipiga kimya, angesaini na kuondoka. Akisema, orodha ingefumuliwa yote, na wa kuifuma upya ni nani? Hana mbadala.

Alikaa na siri hiyo juma zima. Mwishowe akapiga moyo konde, akaweka vipande kwenye sinia, akagonga mlango afunguliwe, akapanda ngazi.

Mkuu alivitazama kwa muda mrefu. Hakuuliza swali hata moja, na hapo Bi Makombe akaanza kuelewa.

"Umemwonyesha nani?"

"Hakuna mtu."

"Mimi niliona miaka tisa iliyopita." Akavua miwani. "Ya kumi na nane niliipa jina la marehemu baba yangu. Nikiifuta, namfuta na yeye. Kila mwaka nasema mwaka ujao." Akasukuma sinia taratibu kuelekea kwake. "Saini, mama. Nenda kwa mumeo. Watakaokuja watarekebisha."

Mchana, akiwa amesimama karibu na geti, alimpigia mumewe. Nyuma ya sauti yake mitambo ilikuwa inanguruma. Akamweleza yote.

"Sasa unaniuliza nini?" mume alisema. "Saini, uje."

"Lakini si kweli, baba watoto. Nitakuwa nimesaini uongo."

"Miaka kumi na tisa unaniambia wao ndio wamekushika. Leo nani kakushika?"

Simu ilikatika, au ilikatwa, hakujua.

Alirudi chini, mlango ukafungwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote aliyachukia yale makombe. Alichukua moja lililojaa kiganja, akainua mkono alibamize ukutani, akabaki hivyo mkono juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Akalirudisha. Akalia, kilio kibaya cha kikohozi, huku feni ikimpepea.

Alipomaliza kulia akajiuliza swali ambalo hakuwahi kujiuliza. Kwa nini hana mbadala? Kwa sababu kila alichokijua kilikuwa kwenye kidole gumba. Hajawahi kukiandika popote. Na hapo aibu ikampata, maana alikumbuka alivyokuwa akifurahi wataalamu wanapokwama na kusema muulizeni huyo mama. Ufunguo mmoja alikuwa nao mlinzi. Wa pili alikuwa nao yeye.

Kesho yake alipanda tena ngazi bila kuitwa.

"Sisaini," alisema. "Nitaifumua mimi mwenyewe. Ila kila hatua naiandika, kwa maneno ambayo hata mtu wa barabarani atayafuata. Siku mtu mwingine atakapoyapanga makombe kwa karatasi hiyo, mimi naondoka. Hilo nataka liandikwe leo, kwa saini yako."

Mkuu aliangalia magoti yake. "Na baba yangu?"

"Hilo ni lako, Mkuu. Mimi siwezi kukusaidia."

Mkuu akavuta karatasi, akaiandika hati hiyo na kutia saini.

Ilichukua miezi kumi na minne. Mume alikuja mara nne tu katika muda huo, na mara moja kati ya hizo alilala akiwa amempa mgongo. Karibu kila usiku Bi Makombe alijilaumu. Asubuhi alishuka tena. "Kwanza tazama kitovu," aliandika. "Kama dole gumba linaingia, nenda hatua ya pili. Kama haliingii, nenda hatua ya tisa." Alifuta, akaandika upya. Kusema anachokiona kulimshinda nguvu kuliko kukiona. Spishi arobaini na moja zikawa thelathini na tatu. Jina la baba yake, Mkuu alilikata mwenyewe kwa kalamu nyekundu, akapenga kamasi, akasema vumbi la chumba hiki halifai.

Wa kujaribiwa alikuwa mlinzi, ambaye hakuwahi kugusa kombe hata moja. Aliketishwa mezani na makombe ishirini na karatasi, Mkuu akishuhudia.

"Nikikosea mnanifunga humu?" aliuliza.

Alipata kumi na tisa. Kwa lile moja alilokosa, Bi Makombe aliisoma tena hatua yake kwenye karatasi, akakiri kwamba sentensi ndiyo mbaya, akairekebisha hapo hapo.

Barua ya uhamisho ilisema kwamba ameacha utaratibu kamili na nafasi yake inaweza kujazwa. Aliisoma akiwa amesimama kwenye korido. Hayo ndiyo aliyoyaomba miaka yote, na yalipofika yalimchoma kama amefukuzwa. Akaikunja, akaenda kufunga mizigo.

Mumewe alimpokea kituoni, akabeba masanduku yote mawili. Wiki ya kwanza waliishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Mume alikuwa amezoea kulala na redio, mkewe amezoea kimya. Wakasema samahani mara ishirini kwa siku. Bi Makombe alipewa kazi ya kupokea barua katika ofisi ya mji, akaikuta nyepesi mpaka ikamchosha. Wiki ya tatu wakagombana, ugomvi wa taulo iliyoachwa mbichi kitandani, ugomvi wa sauti ya juu wa watu wanaoishi nyumba moja. Mume akatoka akibamiza mlango. Bi Makombe akabaki jikoni amenuna, akikoroga chai iliyokwisha kupoa, kisha akajikuta anacheka peke yake.