Madirisha ya Ahmedabad

Elihuruma Mshana alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa usanifu majengo aliyepelekwa India na serikali, alipoingia kwa mara ya kwanza msikiti wa Sidi Said mjini Ahmedabad. Mlutheri wa Same, mtoto wa mwinjilisti, hakuwa amewahi kuvua viatu kwenye msikiti. Alasiri ile jua lilikuwa linapenya dirisha la jiwe lililotobolewa, mti umechongwa matawi yakipishana na mtende kama ukili uliosukwa, naye akasahau kazi aliyotumwa kuchora. Kisha mlinzi akamwambia kwamba aliyeujenga msikiti huo, zaidi ya miaka mia nne nyuma, alikuwa Mhabeshi, mtu mweusi kama yeye. Jambo hilo halikumtoka tena.

Mwaka 1999 alifika Minneapolis, Marekani, na mkewe Elinaja na binti yao Noela, aandike tasnifu ya udaktari juu ya madirisha yale. Alitaka kuonyesha kwamba hata mafundi waliochonga walitoka Afrika. Profesa wake alimsikiliza kwa upole, akamwambia alete ushahidi. Ushahidi, kama upo, ulikuwa kwenye nyaraka za Kiajemi kule kule India, kwa hiyo akajifunza Kiajemi miaka miwili, ghorofa ya kumi na nane, mtaa wa Cedar-Riverside. Safari aliipanga mara tatu. Ya kwanza ilivunjwa na tetemeko la Gujarat, jimbo la Ahmedabad. Ya pili, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, wakili alimwonya kwamba akitoka huenda asiruhusiwe kurudi. Kabla ya ya tatu muda wake chuoni ulikwisha. Barua ya chuo ya kumwarifu ilikuwa na mistari minne.

Akaenda Fridley, mji jirani, kwenye kiwanda cha madirisha, kupaka gundi kwenye fremu. Huko ndiko alikoanza kugonga vitu: mlango wa basi, mabega ya watu, ncha za meza. Elinaja, muuguzi msaidizi, alimsihi mara nyingi aende akapimwe, naye akawa anasogeza siku. Alipokwenda, mwaka 2007, daktari alimweleza kwamba presha ya macho imeshakula uoni wa pembeni kote, na kilicholiwa hakirudi. Dawa zingechelewesha tu.

Aliacha kazi. Mchana, nyumba ikiwa tupu, alianza kulichora dirisha upya kwa kumbukumbu, kwenye karatasi pana ya kufunika karibu meza nzima ya chakula. Alichora majuma sita. Elinaja akafurahi, maana mumewe alikuwa ameanza tena kupiga mluzi.

Jumamosi moja Noela, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na minne, alikuja kusimama nyuma yake. Upande wa kushoto nusu ya karatasi ilikuwa nyeupe. Upande wa kulia matawi yalikuwa yamevuka ukingo, yakaendelea juu ya mbao za meza.

"Noela," baba yake aliuliza, "matawi yamefika mwisho wa karatasi?"

Mtoto alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yamefika yote na ni mazuri sana. Lakini alikuwa amekawia kujibu. Elihuruma alipeleka kidole taratibu hadi kikaparuza ukingo, akagusa ubao, akaipapasa mistari ya penseli juu yake.

"Mama yako akirudi, mwambie aifute meza," alisema. "Mimi nimemaliza."

Elinaja alimnunulia penseli nene, akamnunulia na taa yenye mwanga mkali. Elihuruma alimshukuru kwa vyote viwili, akaviweka kabatini.

Majira ya kuchipua ya 2009, Philister, msichana wa Kisumu anayesomea usanifu, alibisha hodi. Kanisani alikuwa ameambiwa kwamba nyumba hii ina mtu anayejua habari za msikiti uliojengwa India na Mwafrika. Elihuruma alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamtafuta uso hadi akaupata.

"Wamekuelekeza vibaya, binti yangu," alimwambia. "Hapa hakuna aliyefika India."

Elinaja, aliyekuwa jikoni, alisikia, wala hakutoka.