Rudi Uanze na Hodi

Usiku ule kilichoninyima usingizi ni swali dogo: mtu akisema na seva kwa namna ambayo seva haiitarajii, imjibu nini?

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini tangu nimalize chuo. Shule ya sekondari iliyoniajiri ilinipa kazi ya kuweka mtandaoni majina ya wanafunzi wapya waliopata nafasi, na tangazo la ubaoni niliandika mimi. Niliweka anwani, namba ya mlango salama wa seva, na mahali pa kujaza namba ya siri ya mtoto. Nikasahau ule mwanzo wa anwani, https, unaoiambia simu iongee kwa siri. Basi simu za wazazi zikawa zinafika kwenye mlango salama na kusema shida zao waziwazi. Seva, iliyokuwa ikingoja kwanza salamu ya siri, ikawarudishia ukurasa mweupe: namba 400 juu, ile alama ya kosa ya mashine, na mstari wa Kiingereza chini.

Jioni mama mmoja akapiga simu. "Mwalimu, nimeona. Zawadi wangu kawa wa mia nne. Basi tena, kesho saa nne nampandisha basi aende kwa shangazi yake akajifunze kushona." Akakata. Nilipompigia hakupatikana. Nikaangalia orodha: Zawadi alikuwemo.

"Ziba tu," aliniambia kaka Shabani, mkubwa wangu wa kazi. "Asiyejua kuingia asijibiwe. Na wewe dada, unafikiri mpaka tunachoka sisi."

Nikaenda kulala na mawazo yangu. Nikiwanyamazia, watadhani shule imefungwa. Nikiwaelekeza upya, je, si nitakuwa nimeficha kwamba namba zao za siri zimeshapita njiani bila kifuniko? Na nikisema kosa ni langu, kazi itabaki? Niligeuza mto mara nyingi mpaka ukakosa upande wa baridi.

Kisha nikajikuta uani kwa Bibi, Tanga. Bibi alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni, lakini pale amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi, kama mtu aliyetoka mara moja kununua chumvi akarudi. Mimi nimesimama nyuma ya mlango wa uani, nimeushikilia kwa mikono miwili. Uchochoroni mtu anapaza sauti: "Nimeleta dawa ya tumbo ya mama mkwe!" Hodi hakupiga, salamu hakutoa. Nami nazidi kuubana mlango.

"Mke mwenzangu," anasema Bibi, kwa utani wake ule ule, "una shahada ukutani, na kujibu mlangoni huwezi?"

"Nikifungua nakosea, Bibi. Nikinyamaza nakosea."

Anacheka mpaka nazi inamponyoka. Hainuki, wala komeo haligusi. Anaita tu: "Rudi uanze na hodi, baba! Tupo!"

Halafu sauti ile ile, imekuwa ya upole: "Hodi."

"Karibu!" Na mlango unafunguka wenyewe mikononi mwangu.

Hata ndotoni nikakumbuka kwamba ndivyo alivyokuwa enzi za uhai wake. Aliyeanza na shida zake uchochoroni hakumfungulia, wala hakumwacha akaungua na jua.

Sasa uchochoro ni ukumbi wa shule, umejaa wazazi, na kila simu inawaka 400. "Rudini muanze na hodi!" anaita Bibi, nao wanacheka, na hodi zao zinapishana kama shangwe za harusini. Katikati yao mama Zawadi anaitamka namba ya siri ya mwanawe kwa sauti, na watu wanageuka. Bibi anaacha kukuna. Ananitazama, hacheki tena.

"Huyu naye akipiga hodi, mfungulie. Lakini siri aliyoitamka nje imeshasikika. Usijifanye hukusikia. Mpe nyingine."

Nilikuwa na maswali mengine matano. Akanitia kifuu cha nazi mkononi, akasema, "Nenda."

Nikaamka ninacheka, nimeshika simu.

Nilifika ofisini kabla ya Shabani. Nikaiagiza seva kwamba anayesema waziwazi arudishwe mwanzo, aanze na salamu ya siri, pale pale mlangoni. Nikajaribu kwa simu yangu, kwa anwani ile ile niliyoikosea: ukurasa ukapepesa, orodha ikafunguka. Namba za siri zilizokwisha kupita wazi nikazifuta, nikawatumia wazazi namba mpya. Nikabandua tangazo langu, nikabandika jingine lenye neno "samahani" na jina langu chini.

Kisha nikapiga simu. Safari hii iliita.

"Mama Zawadi, kosa ni langu. Ile mia nne ni ya mashine, si ya mtoto. Zawadi amepata nafasi."

Nikasikia honi ya basi, kisha kigelegele kikanilazimisha kuisogeza simu mbali na sikio.

"Zawadi! Shusha begi!"