Mgongo wa Mama
Napasha mawese moto, na harufu yake inanirudisha kwenye miaka ya vita, kwetu Rumonge. Bibi alikuwa amepooza miguu. Kila mara risasi ziliposikika mlimani, mama alimfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, tukakimbilia kwenye mashamba ya michikichi. Mimi nilibeba sufuria. Kukitulia, mama alimrudisha nyumbani vilevile, akamkanda kwa mawese ya moto. Kisha yeye mwenyewe alilala kifudifudi mkekani.

“Mutoto wangu, njoo unikanyage mu mugongo.”

Nilimpaka mawese, nikapanda nikatembea juu yake, nyayo zikiteleza kwa mafuta. Alishusha pumzi ndefu. Lakini nje wenzangu walikuwa wananiita twende ufukweni mwa ziwa, kwenye ndagala, wale dagaa wadogo, zilizoanikwa juani.

“Bado kidogo,” mama alisema.

“Nimechoka,” nilimdanganya, nikaruka chini, nikakimbia.

Bibi tulimzika zamani. Mama hajanyooka tena. Anatembea akiangalia vidole vya miguu yake. Sasa nimemaliza kumpaka mawese, naye bado amelala kifudifudi, anangoja.

“Panda basi,” anasema.

Nimevua viatu, nimesimama kando ya mkeka. Nimeshakuwa mzito mno.