Sauti ya Mbuzi Niliyompa Muuza Maziwa

Mimi siamini majini, na chuo kikuu kilinizidishia ubishi. Kwa hiyo ukiniona nasimulia haya, jua yamenishinda. Yalinipata mchana kweupe, hapa Isiolo.

Nilikuwa nikirekodi tafsiri za filamu kwa banda moja la video karibu na soko la mifugo. Unaijua kazi hiyo: filamu inacheza, sauti yako iko juu yake, na utani mwingi. Ikaja filamu ya kutisha iliyotokana na mwuaji wa kweli, dereva wa lori aliyewaua wasichana kwenye barabara yetu ya kaskazini. Pale anapomkaba msichana muuza maziwa, nilimpa msichana huyo sauti ya mbuzi. "Meee!" Watu walivunjika mbavu.

Walipotoka, msichana mmoja alibaki benchi la nyuma, jerikeni ya maziwa miguuni, mpini umefungwa uzi mwekundu.

"Wewe ndiye mbuzi?"

Nikacheka. "Ndiye mimi, siste. Ilikubamba, ulicheka?"

"Sikulia hivyo. Nilimwita mama."

"Ala! Kumbe maiti nao wanauza maziwa?"

Hakucheka. "Ifute hiyo sauti kabla mama hajaisikia. Yuko Ngaremara."

Nikamwahidi, ili aondoke tu. Niliinama kuzima mashine. Kuinuka, benchi tupu. Mlango ni mmoja, na nilikuwa nimesimama hapo hapo. Niambie, alipita wapi?

Nilijitafutia sababu: joto, usingizi, miraa niliyotafuna. Sauti sikuifuta. Kusema kweli, watu waliipenda, nami nilipenda kupendwa. Ikasambaa kwenye simu.

Wiki mbili baadaye nilienda Ngaremara, nikijidanganya kwamba naenda kuthibitisha ni uongo. Nilimuulizia mama wa muuza maziwa aliyeuawa, nikaelekezwa kwa mama anayeuza makaa kando ya barabara.

"Habari, mama."

Mikono yake ilisimama. Hakuinua macho.

"Wewe ndiye mbuzi," alisema. "Vijana walinichezea sauti yako kwa simu."

Akaendelea, polepole, "Hata jerikeni yake haikupatikana. Nilikuwa nimeifunga uzi mwekundu, isipotee."

Niliomba msamaha. Alirudi kupanga makaa yake.

Siku hizi sitafsiri chochote. Lakini Isiolo utakimbilia wapi usisikie mbuzi? Kila asubuhi wakipitishwa kwenda sokoni, naziba masikio kama mwizi aliyesikia jina lake.

Nawe unayefurahia visa vya wauaji, kabla hujacheka, jiulize: aliyekufa alikuwa akimwita nani?