Swichi Iliyomuuma Mama

Nilimkuta mama sebuleni anawasha taa kwa mwiko. Ilikuwa Jumamosi mchana, nimetoka Bariadi mjini kwenda kwake Nkoma, na ndani kulikuwa giza kwa sababu ya mawingu. Alichukua mwiko wa ugali, akasimama mbali na ukuta kama mtu anayechokoza nyoka, akabonyeza swichi.

"Mayu, ndo nini hicho?"

"Inauma. Si nilikwambia kwenye simu?"

Aliniambia kweli, mara mbili. Mara zote nilicheka nikamwambia asiishike kwa mikono yenye maji, na safari hii nilimletea swichi mpya ili tu anyamaze. Mimi, ninayefundisha fizikia sekondari! Nilijikasirikia mpaka masikio yakapata moto.

Kaka yangu, anayeishi na mama, alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Nikamuuliza kama anajua habari ya swichi.

"Mama kazeeka," akasema bila kuinua uso. "Mimi hainiumi. Ndiyo maana nikamwambia atumie mwiko."

Miguuni alikuwa na mabuti ya mpira. Mama hutembea pekupeku.

Nilizima meni swichi, nikafungua skrubu mbili za kifuniko. Swichi ilikuwa imepasuka kwa nyuma, na uzi mmoja wa shaba wa waya mwekundu, ule unaoleta umeme, ulikuwa umechomoka na kulalia kiboksi cha chuma kilichomo ukutani. Skrubu zinaingia kwenye chuma hichohicho. Aliyegusa skrubu aligusa umeme. Lakini waya wa kijani ulikuwa umefungwa vizuri kwenye kile kiboksi, na kazi yake ni hiyo moja: umeme ukipotea njia, uupeleke ardhini. Mbona haukuupeleka?

Nikarudishia kila kitu kama kilivyokuwa, nikawasha meni swichi, nikagusisha tesa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikikuta umeme, kwenye skrubu za swichi ya chumbani kwa mama. Ikawaka. Chumbani kwa kaka, ikawaka. Waya wa kijani huunganisha viboksi vyote, na sasa ulikuwa unausambaza umeme badala ya kuupeleka ardhini: nyumba nzima ilikuwa inauma. Nikazima tena, nikaufuata waya wa kijani kuanzia kwenye mita hadi nyuma ya nyumba. Ulikuwa unaning'inia hewani. Chini yake palibaki shimo jembamba, pale fundi alipokuwa amepigilia nondo ya kuuingiza umeme ardhini.

"Nondo iko wapi?" nikapaza sauti.

Kaka akaelekeza kwa kidevu. Alikuwa ameichimbia kwenye majani karibu na shamba la pamba la jirani, amefungia ndama.

"Vigingi vya mti anaving'oa," akasema. "Hiyo haiwezi. Na taa si zinawaka? Nani aliniambia chuma kile kina kazi?"

Hakuna aliyemwambia, hilo nakubali. Lakini nilimfokea. "Mwiko ulimpa wewe! Ulijua ukuta unamuuma mama, ukampa mwiko ukarudi kwenye ndama wako!"

Nilimfungua ndama nikaivuta ile nondo kwa mikono miwili, haikutikisika. Kaka alisimama ananitazama mpaka mama alipotoka na kumwambia neno moja kwa Kisukuma, kali. Ndipo akaing'oa, akaipigilia kwa nyundo mahali pake bila kunitazama. Nilifunga waya wa kijani, nikabadilisha swichi, nikawasha umeme, nikapita na tesa kila chumba. Haikuwaka popote.

Nilidhani mama angefurahi. Alinisindikiza hadi barabarani akiwa amenuna.

"Yule ni mkubwa wako," akasema. "Umemfokea kama mtoto. Rudi umwombe radhi."

"Angekuua, mayu."

"Sijafa. Rudi."

Nilipanda bodaboda nikaondoka. Kila akipiga simu ananikumbusha, na mpaka leo sijaomba.